Mpe filimbi, woga utamtoka

SAA 10:30 jioni kwenye viwanja vya mitaani Tanga, jua limeanza kupoa na upepo wa bahari umeingia mitaani. Vijana wa kiume wanafunga kamba za viatu, wengine wako peku, wanagawana bips na kubishana nani akae golini. Hakuna anayewauliza wametoka wapi wala wanarudi nyumbani saa ngapi.

Pembeni ya uwanja, mara nyingi anakuwepo binti mmoja. Ana miaka 13 au 14. Ametumwa dukani na mkononi ana mfuko wa unga, lakini amesimama anaangalia. Mpira ukitoka nje anauzuia kwa mguu, anaurudisha, kisha anageuka kulia na kushoto kuona kama kuna mtu aliyemuona.

Binti huyo hana jina moja kwa sababu kila mtaa una wake. Makorora yupo, Mwanzange yupo, na ukienda Pangani au Mkinga utamkuta. Shuleni hanyooshi kidole hata kama jibu analijua. Nyumbani akinyamaza anaambiwa amenuna, akisema anaambiwa ana mdomo. Wengine wa aina yake wameanza kutoroka vipindi. Wengine wamekuwa wakali, akiguswa kidogo ni ugomvi, na mtaa umeshampa jina: ameshindikana.

Mpira unaoijaza Mkwakwani unaweza kumsaidia nini binti huyu? Jibu limeshajaribiwa hapa hapa pwani, upande wa pili wa mpaka wa Horohoro. Limejaribiwa pia na mabinti wa Kitanzania waliosafiri mbali na kwao wakiwa bado na umri wa kuwa darasani.

MJI WA MPIRA, LAKINI WA NANI?

Hakuna wa kuifundisha Tanga kupenda soka. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na hadi leo wazee wa Ngamiani wakianza kusimulia kikosi kile chai inapoa. Jirani zao African Sports, Wana Kimanumanu, wana mashabiki ambao hawakubali kuitwa wadogo hata timu ikiwa daraja la chini.

Agosti 13, 2023 Simba na Yanga zilikutana Mkwakwani kwenye fainali ya Ngao ya Jamii. Dakika 90 ziliisha bila bao na Simba wakashinda kwa penalti 3-1. Siku ile mji mzima ulikuwa jezi.

Kwa upande wa wanawake hadithi ni fupi zaidi. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17 na bingwa wa kwanza akawa Mlandizi Queens ya mkoani Pwani. Baada ya hapo kombe limekuwa likizunguka kati ya JKT Queens na Simba Queens. Tanga haijawahi kulileta nyumbani.

Hiyo ina maana kwamba binti wa Tanga anayeota kucheza mpira anaanza bila kuwa na wa kumuiga mtaani kwake. Kaka yake anaweza kuonyeshwa mtu: yule pale alicheza Coastal, yule alifika Taifa Stars. Yeye akiuliza dada gani wa mtaa huu alifika mbali kwa mpira, wengi watakuna kichwa.

KILIFI WALIKOANZIA

Ukivuka Horohoro, ukapita Lungalunga na Kwale, ukavuka feri ya Likoni na kuendelea kaskazini mwa Mombasa, unafika Kilifi. Maisha ya huko hayana ugeni kwa mtu wa Tanga. Wadigo wa Mkinga wana ndugu zao Kwale, mihogo inapikwa kwa nazi pande zote mbili, na binti wa huko naye anarudi shule kukuta ndoo za maji zinamsubiri.

Mwaka 2001 ilianzishwa Kilifi taasisi ya soka la wasichana iitwayo Moving the Goalposts, jina linalobeba wazo la kuhamisha magoli yaliyowekwa na wengine. Mwanzilishi wake, Sarah Forde, baadaye aliandika kitabu kuhusu mabinti wa pwani ile, maisha yao na mpira wao. Kitabu kilitoka mwaka 2008. Kilichoanza na mabinti wachache wakiwa peku kimekua hadi kuwahusisha maelfu.

Kilichoitofautisha Kilifi ni namna kazi ilivyogawanywa. Njia iliyozoeleka kwingi ni kocha mmoja, mara nyingi mwanaume, kupanga kila kitu huku wasichana wakipewa jezi na kuambiwa wakimbie. Kilifi waliamua mabinti wenyewe waendeshe mpira wao. Wanachagua kamati ya kiwanja chao. Kati yao wanatoka makocha, waamuzi, wahudumu wa huduma ya kwanza na wale wanaowaelimisha wenzao kuhusu afya na haki zao. Mechi ikiisha hawatawanyiki hapo hapo. Wanakaa chini na kuzungumza yale ambayo nyumbani hayazungumzwi: hedhi, mimba za utotoni, mwanaume anayemsubiri binti njiani, karo iliyokwama.

Ligi inapochezwa, anayepanga ratiba ni binti, anayejaza kadi za wachezaji ni binti na anayepuliza filimbi ni binti. Wengine walioingia wakiwa na miaka 12 walikuja kuwa viongozi wa taasisi hiyo hiyo.

FILIMBI INAFANYA NINI?

Fikiria binti wa miaka 15 anakabidhiwa filimbi kwa mara ya kwanza. Wenzake 22 wanamuangalia, na pembeni kuna kaka zake na wauza ubuyu. Dakika ya 10 mpira unagonga mkono ndani ya eneo la hatari.

Hapo hakuna wa kumuuliza. Mwalimu yuko mbali na mama yuko nyumbani. Inabidi apulize, anyooshe mkono kwenye doti na asimame pale wakati wachezaji sita wanamzunguka wakilalamika. Akirudi nyuma mechi imemshinda. Akisimama, penalti inapigwa, mchezo unaendelea na dunia haijaanguka.

Watu wengi hupenda kumwambia msichana muoga, "Jiamini mwanangu." Ni maneno mazuri lakini hayana pa kushika. Kujiamini kunahitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe ni kazi ambayo mtu amekabidhiwa, akaogopa, akaifanya, na watu wakaona kwamba ameifanya. Uwanja wa mpira unatoa ushahidi wa namna hiyo kila jioni na kwa gharama ndogo.

Mashabiki wa Tanzania wamewahi kuliona hilo kwa ukubwa wake. Februari 20, 2016, Uwanja wa Taifa ulikuwa umejaa kwa mechi ya Yanga na Simba, na mwamuzi wa kati alikuwa Jonesia Rukyaa kutoka Kagera. Kipindi cha kwanza alimtoa kwa kadi nyekundu beki wa Simba, Abdi Banda, kijana aliyetokea Coastal Union. Yanga wakashinda 2-0. Yalisemwa mengi kama kawaida ya mechi hiyo, lakini mwanamke mmoja alikuwa amesimama katikati ya uwanja ule mkubwa na uamuzi wake ndio uliofuatwa.

Binti aliyekuwa akiangalia televisheni siku hiyo alipata picha ambayo hakuna semina inayoweza kumpa.

KELELE ZENYE KAZI

Kuna jambo lingine ambalo mpira unalidai na malezi ya pwani hayampi msichana kirahisi. Ni sauti.

Binti wa pwani anafundishwa kuongea taratibu. Akipita mbele ya wakubwa ainamishe kichwa, akiitwa aitike "abee" kwa upole. Ni adabu njema na hakuna anayesema iachwe. Lakini kipa asiyepiga kelele anafungwa. Beki wa kati asiyesema "mtu!" anamuuza mwenzake. Kiungo asiyeita "peke yako!" anafanya timu ipoteze mpira bila sababu.

Kwa hiyo msichana aliyezoea kunong'ona anajikuta siku ya kwanza mazoezini anaambiwa aseme kwa nguvu. Anasema, haisikiki. Anaambiwa tena. Wiki ya pili inasikika hadi upande wa pili wa goli. Anachojifunza ni kwamba sauti ina mahali pake, na kwamba anaweza kuwa na adabu sebuleni na bado akawa na amri ndani ya eneo lake la kipa. Siku mtu mzima mwenye nia mbaya akimshika mkono njiani, sauti hiyo anayo tayari.

Kwa yule binti mkali, aliyeitwa ameshindikana, mpira unafanya kazi kwa upande mwingine. Hasira zake zinapewa sheria. Akimchezea mwenzake vibaya kuna faulo, akirudia kuna kadi, na akitoka timu nzima inaumia kwa ajili yake. Anayempa adhabu hamchukii, na mechi ijayo anaruhusiwa kuanza upya. Wapo watoto ambao hawajawahi kuadhibiwa namna hiyo maishani mwao.

4-0, HALAFU UFARANSA

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na hapa Serengeti Girls wana somo.

Oktoba 2022 timu hiyo ya wasichana chini ya miaka 17 ilikwenda India na kuwa timu ya kwanza ya taifa ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia la soka. Kocha alikuwa Bakari Shime, ambaye mashabiki wa Mkwakwani wanamjua tangu alipokuwa akiinoa Mgambo JKT ya mkoani Tanga.

Mechi ya kwanza walipigwa na Japan 4-0. Mtoto wa miaka 16 aliyeota Kombe la Dunia anafika, anafungwa manne, na nchi nzima imeona. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo watu wa nyumbani husema, "Si tuliwaambia."

Siku tatu baadaye waliingia uwanjani kucheza na Ufaransa. Diana Mnally akafunga la kwanza. Kipindi cha pili ikapatikana penalti, Christer Bahera akaiweka chini na kufunga. Ufaransa wakarudisha moja tu. Tanzania 2, Ufaransa 1.

Mechi ya tatu walitoka sare ya 1-1 na Canada, bao la Tanzania likifungwa na Veronica Mapunda, na wakatinga robo fainali, walikotolewa na Colombia kwa mabao 3-0.

Ushindi ule dhidi ya Ufaransa unakumbukwa na wengi, lakini kwa binti wa mtaani kipigo cha Japan kina thamani kubwa zaidi. Kinamuonyesha kwamba mtu anaweza kuaibika mbele ya dunia Jumatano na kushinda Jumamosi. Msichana aliyefeli mtihani, au aliyechekwa mstarini kwa sababu sare yake ina kiraka, anahitaji kujua hilo kuliko anavyohitaji kujua kupiga kanzu.

WALIOTOKA MITAANI HADI MOSCOW

Miaka minne kabla ya India, Mei 2018, mabinti wengine wa Tanzania walikuwa Moscow, Urusi. Hao walikwenda kwenye Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani, mashindano yanayochezwa na watoto walioishi mitaani au waliokuwa kwenye hatari ya kuishi huko. Wavulana wa Tanzania walikuwa wameshalitwaa kombe hilo Rio de Janeiro mwaka 2014 kwa kuifunga Burundi 3-1.

Mabinti nao walifika fainali. Walifungwa na Brazil bao 1-0 na kurudi na nafasi ya pili.

Katika mashindano hayo watoto hawachezi tu, wanapewa pia jukwaa la kuzungumzia haki zao mbele ya watu wazima. Mtu ambaye jana alikuwa akifukuzwa kwenye baraza la duka anavaa jezi yenye bendera, anaimba wimbo wa taifa, kisha anashika kipaza sauti. Hilo linaweza kubadilisha namna anavyojiona, na namna mtaa unavyomuona akirudi.

WAZAZI WANA HOJA

Mzazi wa Tanga anayemkataza binti yake kwenda uwanjani si lazima awe mkoloni. Mara nyingi ana hoja tatu, na zote zinastahili jibu.

Ya kwanza ni mavazi na dini. Hii ina jibu la kisheria kabisa. Tangu mwaka 2014 bodi inayosimamia sheria za soka duniani imeruhusu wachezaji kufunika vichwa. Julai 30, 2023 beki wa Morocco, Nouhaila Benzina, alikuwa mchezaji wa kwanza kucheza na hijabu kwenye fainali za Kombe la Dunia la wanawake wakubwa, na siku hiyo Morocco waliifunga Korea Kusini 1-0. Binti wa Duga akivaa suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na hijabu iliyobana vizuri hajavunja sheria yoyote ya mpira.

Ya pili ni kazi za nyumbani na muda. Mazoezi yakiisha giza limeingia, nani atamsindikiza? Hapa kosa ni la wanaopanga. Mazoezi ya wasichana yanaweza kuanza mapema na kuisha kabla ya magharibi, karibu na nyumbani, mabinti warudi kwa kundi. Na kaka anaweza kuteka maji siku tatu kwa wiki, mkono hautamvunjika.

Ya tatu ndiyo nzito: nani yuko naye huko uwanjani? Mzazi anayeuliza hivyo yuko sahihi. Mtu mzima anayepewa mamlaka juu ya wasichana wadogo anaweza kuyatumia vibaya, na anayeahidi namba kwenye kikosi ana silaha mkononi. Ndiyo maana mfumo wa Kilifi wa kuwafanya mabinti wakubwa kuwa makocha wa wadogo ni ulinzi pia. Timu yoyote ya wasichana isiyo na mwanamke kwenye benchi, na inayofanya mazoezi mahali wazazi hawaruhusiwi kufika, iangaliwe kwa macho mawili.

Ikumbukwe pia kwamba mpira hautibu kila kitu. Binti anayepigwa nyumbani au aliyefanyiwa ukatili anahitaji zaidi ya mazoezi. Kocha akiona mchezaji amebadilika ghafla, njia zipo: mwalimu wa malezi shuleni, ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Kazi ya kocha ni kumuamini na kumfikisha huko, asijifanye daktari.

TANGA ICHEZE VIPI?

Msingi upo. UMITASHUMTA na UMISSETA zina soka la wasichana, hivyo shule zina sababu ya kuunda timu. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi darasani. Binti anayerudi akiwa mkubwa kuliko wenzake na mwenye mtoto nyumbani anaona aibu kuingia getini. Akijua kwamba saa kumi kuna timu inayomsubiri golini, geti linapungua uzito.

Vitu vinavyohitajika havitishi. Mpira mmoja mzuri. Taulo za kike kwenye begi la huduma ya kwanza, maana binti wengi hukosa mazoezi siku hizo bila kusema kwanini. Mwanamke mmoja au wawili waliofundishwa ukocha wa awali. Na filimbi mbili tatu za kuwapa mabinti wenyewe.

Kilichobaki ni mashabiki. Mwanaume wa Tanga anayelipa kiingilio kuitazama Coastal anaweza kusimama nusu saa kuangalia mechi ya wasichana mtaani kwake bila kucheka mpira unapopita tobo. Kicheko cha pembeni kimewarudisha jikoni mabinti wengi kuliko majeraha ya goti.

Pwani hii ina desturi ya kutunza. Kwenye taarab mwimbaji akigusa moyo mtu anainuka, anakwenda mbele na kumtunza hadharani, watu wote waone. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Binti aliyesimama pembeni ya uwanja na mfuko wa unga naye yuko kwao.

Jioni nyingine mpira utatoka nje na atauzuia tena kwa mguu. Safari hii awepo mtu wa kumwambia apeleke unga nyumbani kwanza, aage, kisha arudi haraka kwa sababu mechi haina mwamuzi.